Anayejibu Kwanza

Jumatatu, 2 Septemba. Nyuzi joto 11.
Leo Jyri Rasila, meneja wetu mpya, amekuja kikaoni na karatasi moja na uso wa mtu aliyelala vibaya. Kampuni ya Helsinki inayotukodisha programu za seva imepandisha ada tena. "Kuna kitu lazima kitoke," akasema. "Ama ada hii, ama mtu mmoja." Kisha akatazama dirishani. Sote tulijua anatazama dirisha ili asimtazame Veijo.

Tuko sita tunaoupasha joto mji wa Hietasalmi. Tunachoma vibanzi vya mbao kwenye boila, na maji ya moto yanapita kwenye mabomba chini ya ardhi hadi shuleni, hadi nyumba ya wazee, hadi chumbani kwangu. Veijo Tolvanen ndiye mlinzi wa boila. Ana miaka sitini na mmoja, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameitumia humu ndani. Mimi, Marjut, ni fundi wa kompyuta, karani, na mpika kahawa pale wengine wanapojifanya hawajaona birika tupu.

Nikafungua mdomo kabla ya kufikiri. "Nipe mwezi mmoja. Natoa programu zao zote, naweka programu huria."

"Huria ndiyo bure?" Jyri akauliza.

"Hulipi leseni. Kazi haipungui, ila nitaifanya mimi."

"Na ikiharibika tunampigia nani?"

"Unanipigia mimi."

"Basi tumekwisha," akasema Veijo, na watu wakacheka. Jyri hakucheka, lakini alikubali. Nimenunua daftari hili nikirudi nyumbani, kwa sababu kazi hii nataka kuikumbuka. Nimemwokoa mtu leo.

Alhamisi, 5 Septemba. Nyuzi 9.
Seva ya kwanza imesimama. Mashine ni ileile kuukuu, na inakimbia kuliko zamani.

Alhamisi, 12 Septemba. Nyuzi 8, mvua.
Veijo amekuja na kikombe chake kuniangalia nikifanya kazi. Aliniuliza programu hizi zimetengenezwa na nani kama haziuzwi. Nikamwambia ni watu tu, huku na huko duniani, kila mmoja anatengeneza kipande chake na kukiacha wazi, mwingine akione, akirekebishe.

"Kumbe ujima!" akasema. "Kama tulivyoezeka paa la banda la wawindaji. Kila mtu alikuja na nyundo yake."

"Ndivyo hivyo."

"Na yule asiyekuja na nyundo, akaja kula supu tu?"

"Yupo pia. Huyo ndiye sisi."

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Siku hizi ananiita Bibi Seva.

Ijumaa, 20 Septemba. Nyuzi 6.
Siku nzima nimemfuata Veijo nikiandika kila anachokifanya, ili mfumo mpya ujue cha kutazama: joto la maji, presha, moshi, kasi ya parafujo kubwa linalosukuma vibanzi kutoka ghalani hadi kwenye boila. Nimepata kazi kumi na nne. Si mtu wa maneno. Kila kazi ameieleza kwa sentensi moja, nyingine kwa kidole tu.

Tukipita ubavuni mwa ghala aliupiga ukuta wa bati kwa nyundo mara tatu, akasikiliza, akaendelea na safari. Nikamuuliza kama hiyo niiandike.

"Hiyo? Hiyo si kazi," akasema. "Hiyo ni kusalimia."

Sikuiandika.

Jumatatu, 30 Septemba. Nyuzi 4.
Tumezima programu za Helsinki saa nne asubuhi. Hakuna kilichotetereka. Nilikuwa na kijasho chembamba, sikuficha.

Tahadhari nimezipanga hivi: tatizo likitokea, simu ya Veijo inalia kwanza, yangu baada ya dakika tano, ya Jyri baada ya tano nyingine. Anayejibu kwanza anabonyeza "nimepokea" na kazi inakuwa yake. Simu za wengine zinabaki kimya. Jina lako likiwa kwenye orodha, na mlango wa mtambo unakufungukia kwa namba yako. Orodha ni moja kwa vyote. Nimejivunia usafi wa kitu hiki kuliko nilivyojivunia ndoa yangu.

Jyri alinipa mkono. "Umeokoa pesa nyingi, Marjut." Nikamjibu kwamba nimeokoa mtu, na pesa zimefuata nyuma. Akatabasamu kwa namna ambayo sikuielewa.

Jumanne, 8 Oktoba. Nyuzi 1.
Kimya. Seva zinapumua vizuri.

Jumatano, 16 Oktoba. Nyuzi 2 chini ya sifuri.
Veijo yuko msituni tangu Jumamosi na wawindaji wenzake, msimu wa paa wakubwa umeanza. Simu yake imezimwa, tahadhari zinakuja kwangu. Zimekuja mbili kwa siku nne, zote ndogo.

Jyri alisimama mlangoni mwangu akila tufaha. "Siku nne Veijo hayupo, na mtambo haujapiga hata chafya."

"Hakuna baridi bado," nikamwambia.

"Hapana, nasema tu." Akaendelea kutafuna. Nilikasirika bila kujua kwa nini.

Jumatatu, 21 Oktoba. Nyuzi 3 chini.
Jyri ameomba ile orodha yangu ya kazi kumi na nne. Alisema ni ya bodi, wanataka kuona mfumo unafanya nini. Nimeisafisha, nimeipamba, na zile kazi kumi na mbili ambazo seva sasa inazifanya yenyewe nimezipaka rangi ya kijani. Ilipendeza. Nilimtumia kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu, 28 Oktoba. Nyuzi 5 chini, theluji ya kwanza.
Naandika kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira ni juu yangu.

Mkutano wa mashauriano uliitishwa saa tatu, kahawa mezani na mikate ya iliki, kama kawaida ya mikutano ya kukata watu. Jyri akawasha projekta ikamulika ukutani. Ilikuwa orodha yangu, na kijani changu.

"Kazi kumi na mbili kati ya kumi na nne zinafanywa na mfumo," akasema. "Zilizobaki mbili zinaweza kufanywa na mtu wa zamu ya mchana. Bodi inaona zamu ya mlinzi wa boila haina sababu tena."

Nikasimama. "Hatukukubaliana hivyo! Ulisema ama ada, ama mtu. Ada imetoka."

"Imetoka, na tunakushukuru. Lakini bodi ikiona kitu kimoja kinaweza kuwa bure, inauliza kingine."

"Seva haisikii. Haina masikio. Veijo anasikia boila kama—"

"Nionyeshe hiyo kwenye orodha," akasema Jyri, si kwa kejeli, kwa uchovu. "Umeiandika wewe mwenyewe."

Nikamgeukia Veijo aseme kitu. Alikuwa anavunja mkate wake vipande vidogo na kuvipanga ukingoni mwa sahani. Akasema, "Sawa." Hilo tu. Wengine wakaangalia vikombe vyao, nami nikakaa.

Jumanne, 29 Oktoba. Nyuzi 5 chini.
Nilimkuta kwenye chumba cha boila, nikamwambia naomba radhi.

"Ya nini? Wewe uliandika ukweli."

"Niliandika nusu."

"Mimi nilisema nusu," akajibu. "Tumegawana." Kisha akanitaka nisilie karibu na vifaa vya umeme.

Ijumaa, 15 Novemba. Nyuzi 9 chini.
Leo tumemuaga Veijo: keki ya maziwa na matunda, hotuba ya dakika mbili, zawadi ya saa ya ukutani. Veijo alikula vipande viwili, akaosha kikombe chake na kukiacha kabatini. Alitoka kwa mlango wa nyuma, upande wa ghala. Nilisikia bati likilia mara tatu.

Jumanne, 19 Novemba. Nyuzi 12 chini.
Nimekutana naye dukani, kwenye friji ya samaki. Kapungua uso.

"Bibi Seva, mashine yako bado inanipigia simu."

Damu ilinipanda usoni. Jina lake sijalifuta kwenye orodha. Nilikuwa nimefungua ukurasa mara mbili na kuufunga. Nikamwambia nitamwondoa leoleo.

"Acha kwanza," akasema. "Ikilia naangalia namba, naona maji yako sawa, nabonyeza, narudi kulala. Kaisu wangu anasema sijalala vizuri hivyo tangu nifukuzwe." Akatazama samaki. "Isipolia nakaa macho nikiingoja."

"Lakini wewe si mfanyakazi tena, Veijo."

"Kwani nakudai? Programu yenyewe si ya ujima?"

Nikacheka. Nikaacha.

Jumanne, 26 Novemba. Nyuzi 18 chini.
Tahadhari nne wiki hii. Zote zimepokelewa na Veijo ndani ya dakika moja, na zote zilijirekebisha. Nimelala fofofo kila siku na nimeona haya kila asubuhi. Nitalifuta jina kesho.

Jumamosi, 30 Novemba. Nyuzi 21 chini.
Sijalifuta. Ukweli ni kwamba linanifaa. Simu yangu hailii.

Jumanne, 3 Desemba. Nyuzi 27 chini.
Bodi imetutumia salamu za pongezi. Kampuni mbili za miji jirani zinataka kuja kuona tulivyofanya. Jyri anatembea akipiga mluzi. Amenunua hata maua ya mezani.

Shehena mpya ya vibanzi imeingia na theluji ndani yake. Kijana wa zamu ya mchana ameipokea na kutia saini. Kwenye skrini yangu hakuna mahali pa kuonyesha theluji, kwa hiyo kila kitu ni kijani.

Alhamisi, 5 Desemba. Nyuzi 31 chini.
Kesho Siku ya Uhuru, mtambo unabaki na seva peke yake. Nimenunua mishumaa miwili ya dirishani, kama kila nyumba kwa sikukuu hii. Jino linaniuma, au ni baridi.

Ijumaa, 6 Desemba. Nyuzi 33 chini.
Niandike kwa mpangilio, la sivyo sitaandika.

Niliamka saa tatu asubuhi. Saa nne nikatazama simu. Kulikuwa na mistari minne:

Saa 1:52, vibanzi haviingii kwenye boila.
Saa 1:53, imepokelewa: V. Tolvanen.
Saa 2:11, mlango umefunguliwa: V. Tolvanen.
Saa 2:34, vibanzi vinaingia. Hali ya kawaida.

Ule mstari wa mlango sikuusoma. Niliona jina lake na nikaona "hali ya kawaida", nikatabasamu. Nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Mzee wangu huyo." Kisha nikatia kahawa. Vibanzi vilivyoganda haviganduki vyenyewe. Nimefanya kazi pale miaka kumi na tisa, nalijua hilo, na nilitia kahawa.

Saa sita na dakika arobaini Kaisu, mke wa Veijo, alipiga simu.

"Marjut, samahani kukusumbua siku kama ya leo. Veijo bado yuko huko kwenu? Supu imepoa."

"Huko wapi?"

"Mtamboni. Si mlimwita? Simu yake ililia asubuhi, akavaa suruali ya kazi. Nikamwambia, we mzee, unakwenda wapi na wamekufukuza? Akasema, wameniita." Kisha akaongeza: "Alifurahi, Marjut. Nikamwambia basi mpigie mmoja wao aende nawe. Akasema hawezi kuwasumbua watu siku ya sikukuu."

Sikumbuki niliendeshaje gari. Gari lake lilikuwa nje, kioo kimeota barafu ndani. Ngazi ya ghala ilikuwa imeshushwa na mfuniko wa juu uko wazi. Kamba ilikuwa ukutani, kwenye ndoano yake.

Vibanzi vyenye theluji vikiganda hufanya paa ndani ya ghala. Chini vinaliwa na parafujo, juu vinabaki vimening'inia, na kati panakuwa tupu, utupu ambao nyundo ya Veijo ilikuwa ikiusikiliza. Anayejua hupanda na fimbo ndefu na kulivunja paa hilo kutoka juu, na mwenzake hushika kamba. Kila kipupwe kamba hiyo niliishika mimi au aliyekuwa zamu naye. Paa lilivunjika saa 2:34, na Veijo akaanguka nalo. Seva iliona vibanzi vinaingia, ikaandika hali ya kawaida.

Nilisimamisha parafujo kwa mkono, nikaita watu wa zimamoto. Walimtoa saa kumi, giza limeshaingia. Boila ya akiba ya mafuta ilishika kazi yenyewe, kama nilivyoipanga. Hakuna nyumba iliyopoa hata kwa nusu nyuzi.

Nikirudi nyumbani mishumaa ilikuwa inawaka kwenye madirisha ya mji mzima, miwili miwili. Nilikuwa namchukia kila aliyekuwa ndani na joto lake, na mimi wa kwanza.

Jumapili, 8 Desemba. Nyuzi 30 chini.
Gazeti la mji limeandika kwamba mtu wa nje aliingia mtamboni bila ruhusa na kupata ajali. Wamemnukuu Jyri. Mtu wa nje.

Jumatatu, 9 Desemba. Nyuzi 29 chini.
Jyri alifunga mlango wangu na kukaa bila kukaribishwa. Hajanyoa. Keshokutwa anakuja mkaguzi wa usalama kazini.

"Ule mstari wa kwamba alipigiwa simu na sisi," akasema. "Uko wapi?"

"Kwenye kumbukumbu za seva."

"Na nakala?"

"Kwenye seva ya pili. Hiyo hapo chini ya meza yangu."

"Kwa zile programu za zamani, Helsinki wangekuwa nayo wao pia."

"Wangekuwa nayo."

"Na hii?"

"Hii ninayo mimi tu."

Akajifuta uso kwa mikono miwili. "Basi yuko mtu mmoja tu anayejua kama mstari huo upo. Nina watoto wawili, Marjut. Mstari huo ukibaki, kampuni ndiyo iliyomtuma mtu iliyemfukuza, peke yake, siku ya sikukuu, kwenye ghala lililoganda. Usipokuwepo, ni mzee aliyekumbuka kazi yake. Na usisahau nani alimwacha kwenye orodha. Sijasema kwa yeyote. Nakulinda wewe pia."

Baya zaidi ni kwamba hakuwa anadanganya. Alikuwa anaogopa kweli, na alitaka kweli kunilinda.

Jumanne, 10 Desemba. Nyuzi 29 chini.
Nilikwenda kwa Kaisu na chungu cha supu, kama majirani wote. Gazeti lilikuwa mezani, limekunjwa pale penye habari hiyo.

"Aliitwa au hakuitwa?" akaniuliza. "Wananiambia huenda alichanganyikiwa. Kwamba watu wakistaafishwa vibaya huchanganyikiwa. Mimi nilisikia simu, lakini sasa hata mimi sijui."

Nikasema nitaangalia. Nitaangalia! Nilimwambia hivyo mjane, na mistari yote minne iko kichwani mwangu.

Saa nane mchana nilikuwa ofisini, nje giza likianza kuingia. Amri ya kufuta ni mstari mmoja, herufi zisizofika thelathini. Niliuandika wote hadi mwisho. Tangu Septemba nilikuwa nikijisifu kwamba hatumtegemei mtu yeyote, kwamba kila kitu kimo mikononi mwetu. Mikono ilikuwa hiyo juu ya kibodi, kucha zimeng'atwa. Niliutazama mstari ule muda mrefu. Nikawaza mshahara wangu, miaka minane kabla ya pensheni, mji ambao kila mtu atajua. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye ngazi ya ghala.

Jumatano, 11 Desemba. Nyuzi 28 chini.
Mkaguzi ni mwanamke wa makamo, Bi Hakkarainen, mafua yamembana, daftari lake limejaa miraba ya kuweka alama. Tulikaa watatu. Jyri alieleza vizuri na kwa huzuni ya kweli: mfanyakazi wa zamani, mapenzi ya kazi, mlango ambao pengine haukufungwa sawasawa. Mkaguzi akaandika: mtu wa nje.

Bi Hakkarainen akapiga chafya, akaomba radhi, akasoma mraba uliofuata. "Kwa hiyo hakuna aliyemwita."

Jyri akatazama dirishani.

"Aliitwa," nikasema. Nikamsukumia karatasi yenye mistari minne niliyoichapisha asubuhi, kabla sijapata nafasi ya kuwa mwoga tena.

Akaisoma mara mbili, kidole kikifuata saa. "Mfumo ndio uliomwita?"

"Mfumo hauna orodha yake wenyewe. Orodha niliiandika mimi, na jina lake nililiacha mimi, kwa sababu akijibu yeye mimi nalala."

"Marjut," akasema Jyri, polepole.

"Hapa panataka jina la aliyemwita kazini," akasema Bi Hakkarainen. Kalamu yake ilikuwa imesimama. "Niandike jina la kampuni?"

"Andika Marjut Kinnunen," nikasema. "Na pale palipoandikwa 'mtu wa nje', futa. Andika kwamba aliitwa, na alifika kwa dakika kumi na nane."